Nafsi Zaidi ya Moja katika Hadithi ya Mapenzi: Embandwa, Jini Mahaba na Usawiri wa Mpenzi Mwenye Nafsi Nyingi, kwa Kurejelea Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hadithi ya mapenzi inavyomsawiri mhusika mwenye tatizo la nafsi nyingi, na sababu za usawiri huo kubadilika unapohamishiwa katika mazingira ya Bukoba na Muleba. Hoja inayotetewa ni kwamba swali zito la hadithi za aina hii si nafsi ipi kati ya zilizomo ndiyo ya kweli. Swali zito ni nafsi ile ya pili itaitwa kwa jina gani, na jina hilo litamgharimu nani. Ufafanuzi umejengwa juu ya riwaya ya Matt Ruff ya mwaka 2003, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2015, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, maandishi ya kianthropolojia kuhusu kubandwa, taarifa ya kitabibu kuhusu Kashasha na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Neno nafsi na mipaka yake

Kiswahili kinatumia neno moja, nafsi, kwa mambo ambayo lugha nyingine huyagawia maneno tofauti. Nafsi ni roho na utu wa mtu. Ni ile inayomsuta anapokosea na kumtamanisha asichopaswa kukitamani. Katika sarufi, nafsi ni msemaji, msemeshwaji na msemwaji: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika uhakiki wa fasihi, usimulizi hupambanuliwa kwa nafsi hizo hizo. Mtu anaposema kwamba nafsi yake inamsuta, tayari ameweka pande mbili ndani ya mwili mmoja, anayesuta na anayesutwa. Hata hivyo, pande hizo zina kumbukumbu moja: anayesutwa anajua alichotenda, na ndiyo maana suto linamuuma.

Tatizo la nafsi nyingi huanzia pale kumbukumbu hiyo ya pamoja inapokatika. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Maradhi ya Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataja hali mbili au zaidi za utu zinazopokezana kuutawala mwenendo wa mtu. Unataja pia mapengo ya kumbukumbu yasiyoelezeka kwa usahaulifu wa kawaida, na mateso au kushindwa kumudu maisha kutokana na hali hiyo. Toleo hilo liliongeza maneno yenye uzito mkubwa kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, kwamba katika baadhi ya tamaduni hali hii huelezwa kuwa ni kupagawa. Likaongeza na sharti, kwamba hali iliyo sehemu ya kawaida ya mila au ibada inayokubalika na jamii haihesabiwi kuwa maradhi. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi na moja, ulioanza kutumika Januari 2022, umetenganisha kupagawa na tatizo la nafsi nyingi kwa kuyapa majina na namba tofauti, lakini umeyaacha katika familia moja.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu chanzo. Wengi wanalihusisha tatizo hili na ukatili wa kurudiwarudiwa utotoni, hasa unaotendwa na mtu ambaye mtoto hana pa kumkimbilia. Wengine, wakimfuata Nicholas Spanos (1996), wanaona kwamba nafsi hizo ni majukumu ambayo mtu hujifunza kutoka kwa jamii na kwa tabibu wake. Kitabu maarufu cha Flora Rheta Schreiber, Sybil (1973), ambacho kwa miaka mingi kiliwapa waandishi wa riwaya kielelezo cha hali hii, kilitiliwa shaka kubwa na Debbie Nathan (2011), aliyeonyesha kwamba sehemu nyingi za kisa hicho ziliumbwa katika chumba cha tiba. Mhakiki wa fasihi hahitaji kuuamua ugomvi huo, ila inampasa ajue kwamba upo kabla hajaandika kwamba mhusika fulani "anathibitisha" nadharia ya jeraha.

Kuna kosa jingine linalojitokeza mara kwa mara katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, nalo ni kumwita kila mhusika mwenye mwenendo wa sura mbili kuwa ana nafsi mbili. Rosa katika Rosa Mistika (1971) ni mfano mzuri. Yuko Rosa wa nyumbani Ukerewe, aliyelelewa chini ya fimbo ya baba yake Zakaria, na yuko Rosa wa shuleni, anayeufungulia mwili wake mlango ambao baba yake alidhani ameukomea. Wawili hao hawafanani, lakini wanajuana. Rosa anakumbuka yote, na kukumbuka huko ndiko kunakomuua pale Charles anapomkataa kwa sababu ya yaliyopita. Vivyo hivyo Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anamwendea Sabina akiwa na kisasi moyoni, kwa kuwa kaka yake Sabina, Manase, ndiye aliyemharibu dada yake, Rukia. Baadaye kisasi kinachanganyika na mapenzi. Mgawanyiko wake ni wa nia, na nafsi inayobeba nia hizo mbili ni moja. Kezilahabi aliandika juu ya watu wa Ziwa waliopasuliwa na malezi, dini na elimu, lakini mpasuko huo hakuufikisha kwenye usahaulifu. Kumtia Rosa katika orodha ya wagonjwa ni kumwondolea Zakaria lawama na Charles hukumu.

Kubandwa: nafsi ya pili yenye jina na nyumba

Katika Buhaya, kama katika maeneo mengine ya maziwa makuu kuanzia Bunyoro hadi Burundi, ilikuwapo ibada ambayo wataalamu huiita kubandwa. Wanaopandwa na roho waliitwa embandwa. Roho zenyewe zilikuwa na enzi na mipaka: Wamara, mfalme wa kuzimu, Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye wavuvi hawakuthubutu kumsahau, Irungu wa pori, Kazoba wa jua, Lyangombe wa ng'ombe. Masimulizi yanawaunganisha na Bachwezi na na safari ya Wamara na wenzake kwa Kintu, ambako deni lisilolipwa lilizaa mauti. Peter Schmidt (1978) ameonyesha jinsi masimulizi hayo yalivyofungamana na mahali halisi katika ardhi ya Bukoba, na Iris Berger (1981) ameifuatilia ibada hiyo katika falme nyingi za eneo hili.

Mambo matatu kuhusu kubandwa yana uzito kwa mwandishi wa mapenzi, nayo hayalingani kwa uzito.

La kwanza ni sarufi. Kubandwa ni kitenzi cha kutendwa. Anayebandwa amekandamizwa, ameshikwa. Kiswahili nacho husema mtu amepandwa na pepo, na katika ibada za pwani anayepandwa huitwa kiti. Katika lugha zote mbili mwenye mwili si mtenda. Hapa inafaa kukumbusha kwamba ndoa nayo ina sarufi hiyo hiyo kwa upande wa mwanamke: Kihaya kina okushwera kwa mwanamume na okushwerwa kwa mwanamke, kama Kiswahili kilivyo na kuoa na kuolewa. Mwanamke aliye embandwa na mke wa mtu ni mtendwa mara mbili, na watenda wake wawili huenda wasielewane.

La pili ni kwamba nafsi ya pili haikuja bila mpangilio. Ilikuwa na jina linalojulikana na wote, vyakula vyake, sauti yake na watu wa kuipokea. Aliyeingizwa katika ibada alipata udugu mpya nje ya ukoo wake na msamiati ambao wasioingizwa hawakuufahamu. Berger (1976) ameeleza kwamba kwa wanawake wa eneo la maziwa makuu njia hii ilifungua heshima na sauti ambayo nyumba ya mume haikuwapa. Maneno ambayo mke hakuweza kumwambia mumewe, roho iliweza kuyasema, na mume akayapokea kwa adabu kwa kuwa aliyesema hakuwa mkewe.

La tatu ni historia ya kuvunjwa kwake. Wamisionari Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, Walutheri wakafuata, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho wa walokole ulienea Bukoba kutoka Rwanda na Uganda. Embandwa wakahesabiwa kuwa watumishi wa shetani. Uamsho nao ulileta lugha yake ya nafsi mbili, utu wa kale na utu mpya, yenye ungamo la hadharani linalohitaji mwongofu amkane yule wa zamani huku akimsimulia kwa kirefu. Nafsi ya pili haikutoweka Buhaya. Ilichobadilika ni mwenye mamlaka ya kuipa jina.

Kashasha: dalili iliyonyimwa hadithi

Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Rankin na Philip (1963), madaktari walioliandika tukio hilo, wanaeleza kwamba hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wasichana waliorudi makwao waliondoka na hali hiyo, nayo ikafika Nshamba na vijiji vingine. Wenyeji waliiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, au akajanja. Vipimo havikuonyesha sumu wala maambukizi.

Nje ya Kagera kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Taarifa ya madaktari haichekeshi: kicheko kilifuatana na kilio, kukimbia ovyo, hofu ya kufukuzwa na mtu au kitu kisichoonekana, na ukali dhidi ya waliojaribu kuwazuia. Tukio la Kashasha halikuwa la nafsi nyingi kwa maana ya kitabibu, kwa kuwa hakuna nafsi mpya iliyojitambulisha. Lakini toleo la kumi la uainishaji wa Shirika la Afya Duniani liliyaweka matukio yaliyokuwa yakiitwa umanyeto na tatizo la nafsi nyingi katika kundi moja la mtengano, yaani mwili kutenda jambo ambalo mwenyewe hana amri nalo.

Linalomhusu mtafiti wa fasihi ni kile kilichokosekana Kashasha. Embandwa alipopandwa, mtu aliuliza: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Wasichana wa bweni walipimwa damu, wakahesabiwa, wakarudishwa makwao. Katika kumbukumbu za kitabibu sauti za wasichana wenyewe hazisikiki sana. Hadithi ya mapenzi yenye mhusika wa nafsi nyingi ina sharti hili tangu mwanzo: lazima awepo mtu wa kuuliza swali lile na kubaki kusikiliza jibu. Mara nyingi mtu huyo ndiye mpenzi.

Nani anapendwa

Vijana wa Bukoba mjini wameijua sura ya kisasa ya hadithi hii kupitia tamthilia za Korea zinazosimuliwa upya kwa Kiswahili na kuuzwa katika diski au kuonyeshwa katika vibanda vya video. Kill Me, Heal Me ya mwaka 2015 ina mrithi wa familia tajiri, Cha Do-hyun, mwenye nafsi saba, na daktari kijana wa maradhi ya akili, Oh Ri-jin. Wa kwanza kumpenda daktari huyo si Do-hyun mpole bali Shin Se-gi, nafsi ya ghadhabu, ambayo ndiyo iliyobeba kumbukumbu ya mateso ya utotoni. Huo ndio ufundi mkubwa wa tamthilia hiyo, kwani mtazamaji anaona kwamba aliye mkorofi ndiye mwenye kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu ndiye anayeweza kupenda kwa ujuzi. Lakini tamthilia haivumilii matokeo ya uvumbuzi wake. Mwishoni nafsi zinaaga moja baada ya nyingine, na mpenzi anabaki na mtu mmoja, msafi na mwenye adabu. Mapenzi yamekuwa dawa.

Suluhisho hilo linapendwa na riwaya pendwa popote duniani, nalo lina madhara. Linamdai mgonjwa apone ili astahili mchumba, na linamfanya mpenzi kuwa tabibu, kazi ambayo hakuisomea.

Matt Ruff alikwenda kinyume katika Set This House in Order (2003), riwaya ambayo kichwa chake kidogo kinaitaja kuwa ni hadithi ya mapenzi ya roho. Nafsi zilizomo katika mwili wa Andy Gage zimejengewa nyumba kichwani, kando ya ziwa, zenye kanuni za nani atoke na lini. Andrew, anayeendesha mwili huo, ana umri wa miaka miwili tu tangu aumbwe kwa kazi hiyo. Anampenda mwajiri wake, Julie, huku akikutana na Penny, mwanamke ambaye nafsi zake bado hazijajuana. Hapa kupona si kuunganishwa; ni kuweka utaratibu wa nyumba. Msomaji wa Buhaya ataitambua fikra hii upesi kuliko msomaji wa Seattle. Msonge wa Kihaya ulikuwa na vyumba vyenye wenyewe, na roho zilitengewa mahali pake katika kibanja, kati ya migomba, ili zisidai mahali pengine.

Mfano ulio karibu zaidi na mapenzi unatoka Mayotte, katika Visiwa vya Komoro. Michael Lambek (1981) ameeleza ndoa ambazo roho ya mke ina uhusiano wake na mume. Roho humwita, hupokea zawadi kutoka kwake, humshauri na kumkaripia. Mke akizinduka, mume humsimulia yaliyosemwa. Ndoa ya watu wawili inakuwa na mazungumzo ya watu watatu, na yule wa tatu si mshindani wala si maradhi, hukaribia kuwa shemeji.

Jini mahaba ni kinyume cha huyo. Neno limetoka pwani, na waganga, maombi ya kilokole, magazeti na filamu za nyumbani vimelifikisha kila mkoa. Jini huyu amempenda mwanamke, humjia usiku kwa sura ya mwanamume, humfukuzia wachumba na kumharibia mimba. Kwa umbo la hadithi, jini mahaba ni mpinzani katika pembe tatu ya mapenzi, na hadithi yake huishia kwenye kufukuzwa. Muundo huu unavutia kwa kuwa ni mwepisi kuigiza. Unaficha jambo moja zito: dalili zinazotajwa, za kuguswa usiku bila ridhaa, kushindwa kupiga kelele, kuchukia kuguswa na mume na kusahau saa nzima za maisha, zinafanana na zile zinazosimuliwa na watu waliodhulumiwa wakiwa watoto na mtu wa nyumbani mwao. Si kila mwenye jini mahaba amedhulumiwa, na mhakiki asidai hivyo. Lakini mwandishi anayelifukuza jini katika ukurasa wa mwisho bila kuuliza lilianza lini na katika nyumba ya nani, huenda amemsaidia mkosaji kutoka kwa mlango wa nyuma.

Mwandishi wa Kagera anayetafuta jeraha la kumpa mhusika wake haendi mbali. Kuna vita vya 1978 na 1979. Kuna UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Kuna MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Vishawishi hivi vya historia vina hatari yake. Msiba wa umma hutoa yatima na wajane, watu wanaolia wakijua wanachokililia. Tatizo la nafsi nyingi, kwa wanaolieleza kwa jeraha, hutokana na jambo la siri linalorudiwa na mtu anayejulikana. Riwaya inayomwingiza mhusika vitani ili kueleza nafsi zake imechagua jeraha linaloweza kusemwa barazani badala ya lile lisilosemeka.

Gharama ya jina

Hadi hapa majina ya nafsi ya pili yameonekana kama tafsiri tu: embandwa, pepo, jini, maradhi. Katika ndoa ya Tanzania majina hayo yana matokeo ya kisheria na ya mali, na hapo ndipo hadithi ya mapenzi inapopata uzito ambao tamthilia ya Korea haiwezi kuwa nao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari. Kifungu cha 16 kinadai ridhaa ya kila upande itolewe kwa uhuru, na kinaeleza kwamba ridhaa haihesabiwi kuwapo ikiwa mhusika alikuwa na maradhi ya akili, ya kudumu au ya muda, kiasi cha kutoelewa vyema tendo linalofanyika. Kifungu cha 107, kinachoorodhesha ushahidi wa ndoa iliyovunjika, kinataja maradhi ya akili ya mwenzi pale madaktari wawili, mmoja wao mjuzi wa maradhi hayo, wanapothibitisha kwamba hakuna tumaini la kupona.

Kwa hiyo mume anayempeleka mkewe hospitali anaweza kuwa anamtafutia tiba, na anaweza kuwa anatafuta karatasi. Katika lugha ya mitaani hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwa jina la wazimu wenyewe. Mwanamke aliyesemwa kuwa "wa Mirembe" hahitaji kufika huko ili apoteze nafasi yake katika kibanja cha mume. Kwa upande wa pili, mume anayekubali kwamba mkewe ana pepo analiacha jambo mikononi mwa ukoo, mganga au mchungaji. Mke hatapewa talaka kwa cheti cha daktari, lakini pia huenda asipate tiba, na anaweza kufungiwa ndani, kufungishwa saumu ndefu au kupigwa ili pepo atoke. Kuna na mahari. Sheria za kimila za Wahaya, kama zilivyokusanywa na Cory na Hartnoll (1945), zilijua kurudishwa kwa mahari ndoa inapovunjika. Wazazi waliojua tangu awali kwamba binti yao hupotewa na saa au hujiita kwa jina jingine wana sababu ya kunyamaza siku ya posa.

Hadithi iliyojengwa juu ya jambo hili haihitaji jini wa kutisha wala daktari wa miujiza. Ina mume anayempenda mkewe, cheti mezani na ndugu wanaosubiri, na kila neno atakalochagua kuuita ule usiku aliozungumza na mtu mwingine katika mwili wa mkewe litamwondolea mkewe kitu.

Sauti katika sentensi ya Kiswahili

Limebaki suala la ufundi ambalo limezungumzwa kidogo katika tahakiki. Mwandishi wa Kiingereza hubadili nafsi kwa kubadili kiwakilishi cha kike na cha kiume, na mshituko mmojawapo wa riwaya ya Ruff ni kwamba Andrew, anayejieleza kuwa mwanamume, anaishi katika mwili wa kike. Kiswahili hakina kiwakilishi kinachotaja jinsia. Yeye ni yeye. Kinachofichwa kwa mbinu katika Kiingereza hufichika chenyewe katika Kiswahili, na mwandishi anaweza kuandika sura nzima bila msomaji kujua ni nafsi ya kike au ya kiume inayotembea sokoni Kamachumu.

Lakini hadithi ya mapenzi haiwezi kukwepa kitenzi cha ndoa, na hapo Kiswahili, kilichokuwa kimya, husema ghafla. Mwanamke akisema "nitaoa", msomaji anajua kwamba aliyenena si yule aliyekuwa akizungumza kabla. Neno moja linatosha. Hakuna haja ya sauti nzito, macho kugeuka wala aya ya ufafanuzi. Viwakilishi vya wingi navyo vina kazi. Mhusika anayejitaja kwa "sisi" akiwa peke yake anaweza kueleweka kama mwenye kiburi, au kama mfalme, au kama mtu anayesema ukweli wa nyumba yake.

Mahali pagumu kuliko pote ni kiambishi ni-. Bibi harusi anaulizwa mbele ya padri, shehe au mkuu wa wilaya kama amekubali, naye anajibu, "Nimekubali." Ukoo unapiga vigelegele. Kiambishi hicho kinatimiza takwa la kifungu cha 16 kwa silabi moja, na hakionyeshi ni nafsi ipi kati ya zilizosimama hapo iliyokitamka, wala kama zile nyingine zimesikia. Mume atakuja kulijua hilo baadaye, huenda usiku mkewe anapomtazama na kumuuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni, yeye ni nani na amefuata nini katika nyumba ile.